Fundi wa Barabarani Aliyeitikia Asichokisikia

Saa tatu asubuhi. Fundi amelala chali chini ya basi dogo la buluu lililogeuzwa nyumba, lenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Injini inanguruma. Mwenye gari, mwalimu wa hesabu aliyestaafu mwaka jana, anainama na kumuuliza kwa sauti kama anausikia ule mlio.

"Nausikia, bosi," anajibu fundi. "Mkanda huo."

Swali amelisoma midomoni; mlio hausikii.

Fundi huyu ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na moja amekuwa akitengeneza magari yanayoharibikia kwenye barabara kuu hii, kilomita sabini kutoka gereji nyingine yoyote. Banda lake ni mabati sita, benchi moja na rafu ya spana zilizopangwa kwa ukubwa. Madereva humwita Sikio. Zamani alikuwa akiutaja ugonjwa wa gari kabla halijasimama.

Masikio yalianza kumwacha kwenye mataa miaka minne iliyopita. Zilitangulia kupotea sauti nyembamba, zikafuata za watoto, kisha honi. "Nilidhani watu wameanza tabia ya kunong'ona," anasema, akicheka peke yake.

Hakumwambia mtu ila mkewe. "Fundi asiyesikia injini, nani atampa gari lake? Kibarua kingeota nyasi siku hiyohiyo."

Basi wakatunga mbinu. Mkewe hushika tochi na kusikiliza: akiinua kidole kimoja ni mkanda, viwili beringi, vitatu bomba la moshi. Wateja waliomwona walidhani bibi anafukuza nzi.

Lakini wiki ile bibi alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Badala ya kufunga banda, mzee akajitia hamnazo na kupokea kazi kama kawaida.

Alibadilisha mkanda, akawatakia safari njema. Mwalimu na mkewe walikuwa siku ya kumi na tisa ya safari ya miezi mitatu, safari waliyoizungumza tangu watoto wao wakiwa wadogo. Dakika ishirini baadaye basi la buluu likarudi likijikokota, mvuke unafuka mbele, mshale wa joto umegota kwenye nyekundu.

"Si ulisema umesikia?" mwalimu akafoka. "Mke wangu asingenilazimisha kugeuza, injini ingeungua! Tungelala wapi? Nyumba yenyewe ndiyo hii!"

Fundi anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Alichukua kitambaa akafuta mikono, akaifuta tena.

"Sisikii," akasema. "Si leo tu. Mwaka wa nne huu. Nilikudanganya, mwalimu. Nisamehe."

Mke wa mwalimu ndiye aliyejibu, akimsogelea fundi na kumtazama usoni ili aone midomo yake.

"Basi nitumie mimi, shemeji. Mimi namsikia hata huyu akinung'unika moyoni."

Walingoja injini ipoe, wakaongeza maji, wakaiwasha kwa muda mfupi. Fundi akampa bisibisi ndefu na kumwonyesha namna ya kuweka mpini sikioni na ncha kwenye chuma. Akamshika kifundo cha mkono asije akagusa mkanda.

"Hapa kimya," mama akapaza sauti. "Hapa pia. Hapa... he! Kama mtu anatafuna mchanga!"

"Beringi ya pampu ya maji," fundi akasema, hata kabla mama hajafunga mdomo.

Pampu nyingine ililetwa na lori kutoka mjini saa tisa alasiri, na kabla jua halijazama gari lilikuwa tayari. Fundi alikataa ujira. Mwalimu alimpa mkono, bado amenuna, akaingia garini. Safari yao iliendelea.

Kwa fundi, kazi ngumu ilikuwa Jumatatu. Alikuja dereva wa lori, mteja wake wa miaka mingi, akaanza kukanyaga mafuta ili mlio usikike. Fundi akamwonyesha kwa mkono azime.

"Ndugu yangu, usijisumbue. Masikio yamekufa. Nieleze tu linavyolia."

Dereva akaangua kicheko. "Sikio, hilo tunalijua sote! Tunakupigia honi mgongoni, wewe wala hushtuki. Unadhani tulikuwa tunamsalimia nani?"

"Na mbona hamkusema?"

"Ulikuwa unaficha kwa bidii, mzee. Tukaona tusikuharibie."

Miaka minne fundi hakuwa amelala vizuri kwa hofu ya kukimbiwa na wateja, na wateja wenyewe walikuwa wanajua na bado wanakuja. "Niliona aibu," anasema. "Halafu nikaona raha. Sijui ipi ilitangulia."

Alhamisi ana miadi kwenye kliniki ya masikio. Mkewe amewahi kumwekea miadi mara mbili, na mara zote mbili mzee akazuka na udhuru. Safari hii amekwenda kuomba nafasi mwenyewe, na mkewe, aliyerejea juzi, amejitolea kumsindikiza ili amsaidie kusikiliza maswali ya daktari.

"Nimemwambia abaki nyumbani," anasema fundi. "Nisiposikia swali, nitamwambia daktari arudie."