Adhana Mbili Jioni Moja

Kuna siku moja ya Ramadhani sijaisahau, mwanangu, na hata ningetaka kuisahau, watu wa Baraka hawajanipa ruhusa. Nakuita mwanangu, usicheke. Najua nina miaka kumi na saba, najua ndevu zangu unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama ng'ambo ya njia, na najua kesho asubuhi mimi na wewe tutapangwa mstari mmoja mbele ya shule tukikaguliwa kucha. Lakini wewe uko darasa la pili na mimi niko la mwisho. Wazee wetu wametoa nasaha za ndoa, za mashamba na za mitumbwi mpaka zimewaishia, ila juu ya mzaha hakuna aliyenionya. Basi kaa hapo na hiyo penseli yangu uliyoazima, nikuonye mimi.

Miaka miwili iliyopita nilijulikana kwa kitu kimoja, kuiga sauti za watu. Chafya ya mwalimu wetu niliipiga nyuma ya dirisha kabla yeye hajafika na darasa zima likasimama kumsalimu. Muzungu wa teritware, yule wa ofisi ya serikali, akija kuhesabu watu, akiondoka tu mimi nilianza kuwahesabu upya kwa Kifaransa cha puani, na bamama walikuwa wanaacha kuanika ndagala ili wacheke. Bibi yangu, mama wa baba, ambaye ndiye aliyenilea, alisema mdomo wangu ungenipeleka pabaya. Aliposema hivyo nilimwiga naye, akanirushia mwiko.

Sasa sikiliza namna jua letu lilivyo, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Kwetu Baraka jua halizami, linafichwa. Milima iko mgongoni mwetu upande wa magharibi, na saa kumi na moja na nusu jua linaingia nyuma yake, kivuli kinashuka mpaka kwenye mchanga wa ziwa, kuku wanaanza kutafuta pa kulala. Mgeni anayefunga atasema, tayari, leteni uji. Tayari ya wapi? Jua bado liko juu ya ardhi, milima tu imelificha. Ndiyo maana Mzee Sefu, mwadhini wetu, hakuangalia milima hata siku moja. Aliipa mgongo. Alisimama mlangoni kwa msikiti na kutazama mashariki, ng'ambo ya maji, kwenye vilima vya Ubwari, ambako mwanga unakawia. Mwanga ukitoka miguuni mwa Ubwari, alikaa kimya. Ukipanda kiunoni, kimya. Ukitoka kichwani na giza la bluu likaanza kuinuka nyuma yake, hapo ndipo alikohoa mara mbili, akaweka mikono masikioni, akaita. Miaka na miaka aliita hivyo, na kwa sababu yake hakuna mtu mwingine mtaani aliyejisumbua kuangalia Ubwari. Macho ya mtaa mzima yalikuwa ni yake.

Rafiki yangu Asumani, ambaye tulikuwa tunafunga pamoja na kusinzia pamoja darasani, ndiye aliyeniwasha. Tulikuwa tunarudi shuleni, midomo imekauka, akaniambia, "Sauti ya kila muntu unaiweza. Ya Mzee Sefu hauiwezi."

"Naiweza."

"Bongo, uongo mutupu. Ile sauti ni ya muntu mwenye kuamka alfajiri. Weye unaamshwa na maji ya Bibi yako."

Nikaona amenitukana, na tumbo likiwa tupu tusi linaingia mbali zaidi. Nikapanga kumdanganya yeye peke yake. Nyumba yao iko nyuma ya msikiti, hatua kumi tu. Jioni ile Mzee Sefu alikuwa amekwenda ziwani kutawadha, kama kawaida yake, na kwa uzee wake masikio hayakukamata tena sauti ya mbali. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa msikiti, kwenye mtungi wa maji. Kivuli cha milima kilikuwa kimeshafika mchangani. Nikaangalia Ubwari: mwanga ulikuwa kiunoni. Nilijua, mwanangu. Sitakuambia kwamba sikujua. Nilitaka Asumani ameze bonge moja tu la bugali, nitokeze, nimcheke.

Nikakohoa mara mbili, nikaita.

Sikuyafanyia mzaha yale maneno. Niliyatoa yote kwa mpango wake, taratibu, kwa sauti ya mtu wa miaka sabini, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Ningekuwa nimekosea hata neno moja, watu wangeshtuka. Halafu upepo wa jioni kwetu unatoka milimani kwenda ziwani, ukanichukua mpaka mwisho wa mtaa. Kufika katikati nilisikia vikombe. Nilisikia mama mmoja akisema bismillahi. Nikataka kunyamaza, nikaogopa kwamba nikikata katikati watajua, nikamalizia. Ujinga una heshima yake, unamaliza kazi yake yote.

Nikakimbia nyumbani. Bibi alikuwa ameshakunywa uji, anafuta mdomo, ana raha kabisa. Akaniambia, "Kula, mutoto, leo siku imekuwa fupi."

Kisha, kabla sijapata la kujibu, Mzee Sefu akakohoa mara mbili na kuita adhana ya magharibi.

Mwanangu, umeshawahi kusikia mtaa mzima ukinyamaza na vikombe mkononi? Bibi alinitazama. Nikatazama sufuria. Nje watu walianza kutoka milangoni mmoja mmoja, wanageuza shingo kuangalia Ubwari, kitu ambacho walikuwa hawajafanya miaka mingi. Juu ya vilima vile wekundu ulikuwa ndiyo kwanza unafutika. Wakaelewa kwamba siku yao imeharibika na itabidi ilipwe. Wakaenda msikitini, na mimi nikaenda nao, kwa sababu asiyekwenda ndiye angeulizwa.

Baada ya sala Shehe wetu, ambaye ni mpole hata akikasirika, akamwambia, "Mzee, leo umetuita mara mbili."

"Nimeita mara moja," Mzee Sefu akasema.

"Tulisikia kikohozi chako," mmoja akasema nyuma.

"Na sauti ni yako," mwingine akaongeza. "Batoto bangu nao walisikia."

Mzee akawatazama wote, uso kwa uso. Nilingoja akasirike. Nilitaka sana akasirike. Badala yake akakaa chini, akashika magoti yake, akasema polepole, "Kama nyumba zote zimesikia, basi pengine ni miye. Pengine niliita na sikumbuki."

Shehe akasema apumzike kidogo, kuanzia alfajiri fundi cherehani wa mtaa wetu ndiye ataita. Alisema kwa upole, lakini kila mtu alijua kupumzika kwa mzee kuna maana gani. Asumani, aliyekuwa karibu yangu, akanifinya mkono mpaka nikaumia. "Sema," akaninong'oneza. Nikamwambia kesho. Mimi ambaye mdomo wangu haukuwahi kukosa neno.

Kesho yake fundi cherehani akaita adhuhuri. Mungu ampe afya, sauti yake ni nyembamba kama uzi wake. Kuna jirani yetu mmoja Muprotestanti, mama wa watoto sita, ambaye siku zote anateleka chungu cha mihogo jikoni akisikia adhuhuri, kwa sababu saa hana. Siku hiyo hakusikia kitu. Watoto wake wakarudi shuleni, chungu bado ni maji. Alinikuta njiani akaniuliza, "Ule muzee wenu amekufa?"

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Sefu. Nilimkuta ukumbini amekaa kwenye mkeka, na mkewe anasuka kikapu. Kabla sijabisha hodi nilimsikia akimuuliza mkewe, "Nimeshasali?"

"Umesali, baba."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na daku nilikula?"

Mke akaacha kusuka, akamwangalia.

Nikaingia. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, ikapotea. Kwa hiyo nilifanya kitu pekee ninachokijua. Nikakohoa mara mbili, nikaita maneno mawili ya kwanza kwa sauti yake, polepole, ya ndani ya chumba.

Kikapu kikaanguka. Mzee akanisogezea sikio, akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Pale mwanzoni unavuta sana. Miye sivuti hivyo."

"Unavuta, baba," mkewe akasema.

Nilidhani atanipiga. Alitikisa kichwa, akacheka kidogo, tena macho yamelowa, akaniambia, "Kijana, uji wa bantu ni siku moja, watailipa. Lakini jana nililala nikijiogopa miye mwenyewe. Niliogopa kufumba macho. Hiyo utailipa na nini?"

Nilimwambia tu nitasema mbele ya watu. Alasiri ile nikasimama msikitini, nikasema yote, hata la Ubwari kiunoni. Bibi alikuwa upande wa wanawake, na nilisikia mwiko ukimwasha mkononi ingawa hakuwa nao. Shehe akatoa hukumu: kila mtu atakayelipa ile siku baada ya Idi, mimi nifunge pamoja naye. Nikaona ni nafuu, watachagua siku moja, yamekwisha. Mwanangu, walichagua siku mbalimbali, kila nyumba yake, kwa makusudi, wanacheka. Asumani alichagua siku ya mechi yetu na vijana wa Lubondja. Bibi alichagua siku aliyopika samaki wa mukeke kwa mawese, akaniwekea sahani mbele mchana kutwa ili niione. Nilikonda mpaka kaptula ikahitaji kamba.

Lakini jioni ile ya kukiri Mzee Sefu alirudi mlangoni kwa msikiti, akaipa milima mgongo. Alipoita, jirani yetu Muprotestanti alitoka jikoni akasimama tu akisikiliza, na watu walikunywa uji wao bila hata mmoja kuchungulia nje. Nilikunywa wangu pia. Sijawahi kunywa uji mtamu kama ule.

Basi nasaha yangu ni hii. Cheka, na uchekeshe, sikukatazi, dunia ya vitabu vya hesabu ni kavu. Lakini mzaha wako uvae sura yako mwenyewe, ili ukianguka, uanguke nawe peke yako. Na ukiona mtu anabeba kosa lako na ameanza kuamini ni lake, usingoje kesho kama mimi. Nenda siku ile ile, hata kama huna hotuba.

Mungu akupe meno ya kucheka mpaka uzeeni, akupe rafiki wa kukufinya kwa wakati wake, na akujalie siku moja uwe mtu ambaye akisema neno, watu wanakula kwa amani. Sema amina, halafu nirudishie penseli yangu.