Njia ya Mto Uliohama

"Nakwambia Mama Hodan anafungua malka," Kabibi, mama yake Mitchelle, alisema huku akigeuza viazi kwenye karai. "Tena anaipitisha katikati ya shamba lako, nawe umekaa tu na mtoto mgongoni kama huna wenyewe."

Tuneya aliacha kumbembeleza Fondo. Huku Garsen, malka si neno la kuchezea. Ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni, na ikishapita kwenye mahindi ya mtu, kinachofuata ni fimbo, na baada ya fimbo ni vilio.

"Nani kasema?"

"Macho yangu. Nenda katazame ule mti wako wa mkoma, ule wa mpakani. Kauchora ukwato wa ng'ombe kwa chokaa, mweupe pee. Tangu arudi Ulaya..."

"Kanada, Mama Mitchelle."

"Si kule kule kwenye baridi? Basi karudi na akili za kununua nchi."

Tuneya aliondoka hata viazi hakuchukua.

Mama Hodan, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Qabale, alikuwa mjane wa Kiorma, watu wa mifugo, aliyeuza maziwa pale mtaani, na Tuneya alikuwa mteja wake tangu alipoolewa. Mwaka uliopita alisafiri kwenda kwa bintiye Hodan, akakaa huko majira yote ya baridi. Tangu arudi, watu walimwona akitembea bondeni bila mfugo hata mmoja. Anasimama, anainama, anatazama, anaendelea. Asiyechunga na asiyelima anatafuta nini shambani?

Ule mkoma kweli ulikuwa na ukwato. Tuneya alizifuata alama moja baada ya nyingine, mpaka akamkuta mwenyewe amechuchumaa kando ya mtumbwi mbovu uliozama nusu ardhini, chokaa mkononi.

"Shikamoo, Mama Hodan."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto kalala?"

"Kalala. Lakini watu hawajalala. Wanasema unatutolea malka."

Mkono wa yule mama ulibaki hewani. Uso ukamshuka kama mtu aliyeambiwa amekanyaga kaburi.

"Malka? Wallahi, Tuneya, hii ni njia ya Abdia."

Abdia alikuwa mjukuu wake, mtoto wa Hodan, aliyezaliwa huko huko na hajawahi kuuona mto Tana.

"Kule kwao," Mama Hodan alieleza, "kuna matembezi ya mjini ambayo huongozwi na mtu. Unaamua: leo nafuata kengele tu. Basi unatoka kengele hii mpaka ile, mengine yote huyaoni. Kesho, simba wa mawe walio milangoni. Siku nyingine nyayo za dubu zilizobandikwa njiani. Karatasi yake ina picha, hata mimi nisiyesoma niliifuata. Nikamwambia Abdia, huku ndiko kuchunga! Ng'ombe akipotea, mchungaji hushika alama za ukwato mmoja, nyingine zote anazisahau. Basi mtoto akawa ananikimbilia nyuma mimi bibi yake, 'Akko, ningoje! Akko, ningoje!'"

Alicheka, kisha akapunguza sauti.

"Siku moja alama zikatufikisha mtoni. Mto unaopita katikati ya mji, mpana kama huu wetu. Umeganda. Watu wanatembea juu yake, wanasukuma watoto kwenye vigari, wengine wanakunywa chai. Mimi nikagoma. Nikamwambia Abdia mto ni mto, chini kuna mamba. Alicheka mpaka akakaa chini."

"Ukapita?"

"Alinishika mkono, nikapita. Nilisikia maji yakinguruma chini ya miguu, mbali, kama ng'ombe anayecheua. Nikalia, Tuneya. Sikujua kwamba Mungu anaweza kuyaambia maji 'simameni', yakasimama. Ndipo mtoto akaniuliza, 'Na kwenu, Akko, kuna nini cha kufuata?' Swali hilo nikarudi nalo mpaka huku."

Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye buibui lake. "Njoo, nikuonyeshe."

Walishuka bondeni. Tuneya alilijua bonde hilo kwa jembe. Kwamba mto ulipita hapo zamani kabla haujahama, hilo alilijua vile mtu anavyojua jina la babu aliyekufa kabla yake. Lakini sasa Mama Hodan alimwambia asitazame mahindi, atazame mto tu. Akatazama. Miembe ya huku na miembe ya kule ilikuwa safu mbili zinazokabiliana, kila safu imepinda pale ilipopinda nyingine. Kumbe ilipandwa ukingoni. Chini ya majani makavu palikuwa na mchanga mweupe, na ndani ya mchanga makombe ya mtoni, mepesi kama kucha za mtoto. Juu kabisa ya kingo, mizizi ilining'inia kuelekea maji yaliyokwisha kuondoka.

Tuneya alisimama. Alikuwa ndani ya mto, kwenye sakafu yake. Pale juu ya kichwa chake, vipepeo walipokuwa wakipita, ndipo palipopita matumbo ya mitumbwi. Amelima hapo misimu mingapi, amemnyonyesha Fondo hapo, na maji yote yale yalikuwa juu yao! Bila kujua alimshika mtoto miguu, akambana mgongoni, kama anayeogopa asichukuliwe na mkondo.

"Mungu wangu," alinong'ona.

"Eeh. Kule nilitembea juu ya mto. Huku atatembea chini yake." Mama Hodan alimtazama. "Wanakuja Desemba. Hodan ameniambia kabisa: mtoto akichoka na huku, safari nyingine atamwacha kule, aje yeye peke yake. Mimi nitabaki bibi wa kwenye simu. Nataka Abdia aifuate njia hii mwenyewe, afike mpaka kwenye maji yenyewe, mimi nikimngoja kule mwisho. Nikachora ukwato kama wale walivyobandika nyayo za dubu. Sikukumbuka kwamba huku ukwato una maneno yake."

"Una maneno makali," Tuneya alisema.

Mama Hodan alilowesha pindo la mtandio kwa mate, akaanza kufuta alama ya kwanza. Tuneya akafuta ya pili kwa leso ya mtoto. Walifuta mpaka kwenye ule mkoma wa mpakani, chokaa imewajaa vidole. Hapo Mama Hodan akashika mikono yake miwili mbele, kama watu wake wanavyosimama mlangoni kwa wenyewe.

"Kwa mumeo nitakuja na wazee wangu, nimwombe kwa heshima. Lakini jembe ni lako, kwa hiyo naanza na wewe. Ng'ombe hawatapita, hata ndama. Ni miguu ya mtoto mmoja. Tuneya, mwanangu, naomba njia."