Waya wa Diski Yenye Picha za Mama

Tulipounda kompyuta ya dada yangu sebuleni kwake Ruhuwiko, tukaiwasha, diski ya zamani yenye picha za marehemu mama haikuonekana kwenye skrini. Waya wa data niliouchomeka kuiunganisha diski na kompyuta ulikuwa mfupi. Ulivutika, kichwa chake kikalegea.

“Picha zimefutika?” dada akauliza.

“Sijui bado,” nikamjibu.

Nikaenda mjini kutafuta waya mrefu zaidi, wenye kibanio cha chuma kichwani. Niliporudi nikauchomeka mpaka ukalia ta, nikaupitisha mbali na feni, kisha nikawasha tena. Diski ikaonekana.

Dada akafungua picha ya kwanza. Mama alikuwa shambani Lusewa, jembe begani, anacheka. Hatukufunga mfuniko wa kompyuta mpaka tulipozitazama zote.