Kofia ya Bois Saba

Waliponiambia kwamba bois saba ni fimbo ya wamama, niliwajibu kwamba mimi ni mama, sasa tatizo liko wapi? Wakacheka. Wanaume wa uwanja wetu wakikosa jibu hucheka, halafu hurudia walichosema mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Basi na mimi nikarudia langu.

Niwaeleze wasiojua. Bois ni fimbo ndefu ya gofu yenye kichwa kinene. Zamani kichwa hicho kilichongwa kwa mti, siku hizi ni chuma, ila jina, ambalo kwa Kifaransa ni mti, limebaki. Unaitumia mpira ukiwa bado mbali na shimo. Kuna bois tatu, bois tano, bois saba. Namba ikiwa ndogo, uso wa fimbo umesimama wima na mpira huenda mbali, kama utakubali kuondoka. Namba ikiwa kubwa, uso umelala kidogo, mpira hupanda juu upesi na kutua karibu zaidi. Wanaume wetu walisikia neno "mbali" wakaridhika. Lile neno "kama" hawakulisikia kabisa.

Uwanja wetu hapa Kisangani si ule wa kwenye televisheni. Majani yanakatwa kwa panga, coupe-coupe, na mvua ya kwetu haina adabu ya kungoja msimu. Yakikatwa Ijumaa, Jumapili yamekwisha kusimama tena. Mpira hauketi juu yake, unazama ndani kama yai kwenye kiota. Kuzunguka mashimo tuna mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya injini, tunaufagia kabla ya kupiga. Na kwenye shimo la sita kuna kijito.

Kijito kile kina sheria yake. Mipira ya gofu haiuzwi sokoni kwetu, inaletwa na watu kutoka safari, kwa hiyo mpira ukiingia majini hauachwi huko. Tangu zamani, yule ambaye pigo lake la pili halikuvuka maji anavua viatu, anaingia, na kupapasa matope kwa nyayo mpaka apate mpira, wake au wa mwingine yeyote. Ndipo anatokea ng'ambo. Aliyevusha anapita juu ya daraja la mbao, mkono kwenye bomba la chuma, huku akimwuliza mwenzake aliye chini kama maji ni baridi.

Papa yangu alipapasa matope yale miaka mingi. Yeye ni fundi cherehani, wa ukoo wa mafundi wa kanzu, Waislamu wa mji huu tangu enzi za misafara. Gofu ilimfikia kupitia sindano. Alikuwa akiwashonea wakubwa wa uwanja mifuko ya fimbo, na kofia za vitenge vya wax za kufunika vichwa vya bois, kila kofia na namba yake ya uzi. Wakubwa wakamwachia acheze. Baadaye akanifundisha mimi, binti yake, na hakumwomba mtu ruhusa. Kwenye kijito alipiga bois tatu kila Jumapili, na karibu kila Jumapili alivua viatu. Hakuona aibu. Aliingia majini huku akiimba, akatoka na mipira ya wenzake mikononi.

Halafu akateleza juu ya jiwe. Wakamtoa majini wamembeba, goti limevimba kama papai. Daktari akasema kutembea atatembea, lakini mawe ya mtoni ayasahau. Papa alisikia hayo ya mwisho tu. Akatundika mfuko wake wa fimbo ukutani, nyuma ya cherehani, akauacha hapo. Jumapili asubuhi alikaa mbele ya mashine bila uzi, akikanyaga pedali polepole kwa ule mguu mzima. Chakula akawa anakigusagusa tu. Wenzake walikuja kumwambia apite darajani, hata mpira wake ukizama, watamsamehe. Akawatolea chai, akawaambia: "Daraja haiko ya kuhurumia batu. Inavukwa na mwenye kuvusha."

Mimi sikuhuzunika. Nilikasirika. Nilikasirika na goti, na jiwe, na papa, na zaidi ya yote na ile bois tatu. Papa yangu alikuwa anazimika mbele ya macho yangu kwa sababu ya namba! Nikajiapia kwamba atarudi uwanjani, na atavuka akiwa mkavu.

Ninauza wax, kwa hiyo safari za Kinshasa ni kazi yangu. Safari moja nilimkuta mwuza mitumba ana rundo la fimbo za gofu kati ya masufuria na viatu. Akanitolea bois tatu, iking'aa. "Mama, kamata hii, ni ya nguvu." Nikamwambia nguvu ninayo, alete na nyingine. Kando ya mtaro palikuwa na majani machafu, marefu kama ya kwetu. Nikachukua ndimu kwa mwanamke wa jirani, nikaididimiza ndani ya majani kwa kidole, nikaanza kuweka fimbo nyuma yake moja baada ya nyingine. Bois tatu, na kichwa chake kikubwa, ililala juu ya majani ikaitazama ndimu kwa juu. Bois tano iliingia nusu. Bois saba ikapenya, ikatulia nyuma ya ndimu, na kwa jinsi uso wake ulivyoegemea nyuma niliona kabisa mahali ndimu itakapopitia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaichukua ile saba, mwuzaji akanitazama kama mtu aliyechagua mguu wa kuku akaacha paja.

Sitasema ilinitii siku ile ile. Mwanzoni nilikuwa nauinua mpira mwenyewe, nalegeza mabega, nasimama kwa vidole, nao unakwenda chini chini kama panya. Papa alikuwa amenifundisha kwamba bois inafagia. Kweli, lakini huwezi kufagia kitu kilichozama. Nikajifunza kuiacha ishuke, ikate majani kidogo, na mimi nibaki chini nisiwe na haraka ya kutazama. Fimbo yenyewe ndiyo yenye kazi ya kuinua. Nilipoacha kuisaidia, ikaanza kunisaidia.

Jumapili nilipovusha kijito kwa mara ya kwanza, mpira ulipanda juu, ukasimama kidogo, ukaanguka ng'ambo na kutulia. Hakuna aliyepiga makofi. Kiongozi wetu wa Jumapili, mzee mwenye duka la vipuri vya pikipiki ambaye wote tunamwita président, alikohoa.

"Hapana, mama. Hii haihesabu. Bois saba iko ya bamama na bavieux, bazee ba kuchoka. Vua viatu."

"Tonton président, mupira yangu iko ngambo ama haiko?"

"Iko, mais, lakini..."

"Bon, ile mais yako iingie mu maji. Mi napita ku daraja."

Nikapita. Yeye mwenyewe alikuwa amevua viatu, bois tatu yake begani, suruali imekunjwa mpaka magotini. Sikumwuliza kama maji ni baridi. Nilimwuliza kama ni ya moto.

Nilirudi nyumbani mbio kumweleza papa, nikidhani atafurahi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na weye unataka mi nipige ile kitu ya bamama? Nimeshika bois tatu kabla weye hauyazaliwa."

"Papa, hiyo bois tatu njo ilikuletea goti."

Hakunisemesha mpaka kesho yake jioni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi sikumsemesha pia. Mama yangu alitupakulia pondu katikati ya kimya kile, akasema ana bahati ya kuishi na mbuzi wawili.

Ndipo nikakumbuka kwamba papa anaweza kumkatalia binti yake, lakini mteja hajamkatalia tangu azaliwe. Asubuhi ya Jumanne nikasimama mlangoni pa kiwanda chake nikiwa na kipande cha wax na ile fimbo. Nikabisha hodi kama mgeni. "Fundi, nataka kofia."

Alinitazama sana. Mkono wake ukaenda kwenye utepe wa kupimia shingoni. Akakipima kichwa cha bois saba kwa upana na kwa urefu, akakizungusha, akapitisha dole gumba usoni kwake.

"Hii uso inalala," akasema.

"Inalala, mais inatumika kushinda wenye kusimama."

Nikaenda zangu jikoni. Dirishani nilimwona akitoka kwenye veranda akichechemea, fimbo mkononi, akageuka kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. Aliweka kibonge cha uzi juu ya mkeka. Akapanga miguu, lile goti akalitanguliza kwa upole, akapiga. Kibonge kikapaa juu ya ukuta, uzi mwekundu ukifuata nyuma, kikaangukia kwa jirani. Jirani akapiga kelele akiuliza nani anatupia watu uzi. Papa aliingia ndani haraka, akaanza kukanyaga pedali bila kushona kitu.

Jioni kofia ilikuwa tayari, nzuri, imetiwa bitana, imebana vizuri. Mbele yake papa alikuwa ametarizi namba kwa uzi wa njano. Ilikuwa tatu.

"Papa, hii nini?"

"Bakiona tatu, batanyamaza. Ndani unajua weye na mi."

Yaani nimsafirishie papa yangu fimbo kutoka Kinshasa ili aje aifiche kama ujauzito wa aibu! Nikachukua wembe wake mezani, nikaketi sakafuni, nikaifumua ile tatu uzi kwa uzi mbele yake. Nikamrudishia kofia.

"Fundi, mteja hayaridhika. Andika saba. Tena kubwa."

Akajaribu kutia uzi kwenye sindano. Jicho halikuona tundu, nikamtilia mimi. Akaandika saba kubwa kuliko namba zote alizowahi kushona, mkia wake ukafika mpaka pindoni.

Jumapili alikuja uwanjani nyuma ya toleka, mfuko wa fimbo mapajani, mwendesha baiskeli akilalamika uzito. Wazee walimkumbatia kama mtu aliyetoka hospitali. Alicheza taratibu, mwavuli ukiwa ndio mkongojo wake. Tulipofika shimo la sita, mpira wake ulikuwa umezama kwenye majani, maji mbele yake, na président na wenzake wamejipanga kando kumtazama. Papa akaishika bois tatu yake, akaiweka nyuma ya mpira. Akaitazama. Akairudisha mfukoni.

"Mutoto yangu," akaita kwa sauti ya kusikika kwa wote, "nipe saba."

Akaivua kofia polepole, akaitundika kwenye bomba la daraja, namba ikiwatazama wao. Akapiga. Halikuwa pigo zuri sana, mpira uliyumba kushoto, lakini ulipanda, ukavuka, ukaanguka kwenye majani ya ng'ambo karibu kabisa na ukingo.

Président alikuwa amekwisha kufungua kinywa. "Papa, tunakupenda vraiment, lakini sheria..."

"Sheria inasema mupira ivuke," papa akamkata. "Haiulize imezaliwa na nani. Na kama bois iko ya bamama, mi nimezaliwa na mama, nimeoa mama, nimezaa mama. Weye ulizaliwa na nani, na bois tatu?"

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini siku hiyo lilisikia. Hata wale waliokuwa wakifungua kamba za viatu walicheka mpaka wakakaa chini. Papa alishika bomba la chuma akavuka daraja hatua kwa hatua, mkavu, goti lake likilia na yeye akiimba. Mimi nilibaki nyuma nikijifanya natafuta kijiti changu cha kuinulia mpira, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wanaume wale wanione. Jioni alikula sahani nzima ya pondu na kuomba nyingine.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nyumba yetu haina tabia ya kuishia pazuri.

Jumapili iliyofuata nilifika kwenye kijito nikiwa na mpira mahali ninapopapenda kabisa. Nikaikamata kofia yenye saba kubwa ya njano, nikaivuta. Chini yake ikatoka bois tatu ya papa, kuukuu, na mshikio wake uliolainishwa na viganja vyake. Nikaigeuza kofia. Mshono wa pembeni ulikuwa umefumuliwa na kulegezwa kwa ustadi, ili kichwa kile kikubwa kienee. Kazi ya fundi mkubwa kabisa. Nikainua macho. Papa alikuwa amekwisha kupiga, yuko katikati ya daraja, na mfukoni mwake imechomoza kofia mpya, saba yake kubwa kupita ya kwangu.

"Papa! Umeiba bois yangu, irudishe!"

"Fundi haibe, anabadilisha tu," akajibu. "Piga, batu banangoja."

Nikapiga kwa hasira, kwa bois tatu, kutoka kwenye majani yale. Mnajua mpira ulikokwenda. Président alipaaza sauti kwa furaha ya mtu aliyengoja siku nyingi: "Mama, viatu!"

Sikuvua. Nilikunja pagne, kitenge changu cha kiunoni, nikaingia majini na viatu vyangu miguuni, bois tatu mkononi.

"Na viatu utasikia mupira namna gani?" papa akaniuliza kutoka juu, akiwa ameegemea bomba, amejaa uhai tele, anacheka na meno yake yote.

"Sitafute mupira, papa. Nafuata bois yangu."

Akaanza kukimbia. Kwa goti lile lile, alikimbia.