Doa Sakafuni Santa Rosaura

Edelmira Challapa alizaliwa Santa Rosaura, mgodi wa shura, chumvi ya mbolea na baruti, katikati ya jangwa, mahali ambapo mtoto aliweza kufikia umri wa kwenda shule bila kuijua mvua. Nami nilikulia nyumba ya tatu kutoka kwao. Mgodi ulipofungwa, watu wakateremka Iquique, pwani, naye akawa mshonaji. Watoto wengi wa mtaa wetu walivaa sare zilizotoka mikononi mwake. Hakuwa mtu wa kushtuka. Ardhi ikitetemeka, yeye huishikilia cherehani kwa mkono mmoja na kungoja itulie.

Ndiyo maana siusahau uso wake siku tuliyokwenda kutazama maonyesho ya picha.

Mpiga picha mmoja wa Santiago alikuwa amezunguka migodi iliyohamwa, akipiga vyumba vitupu: kitanda kisicho na godoro, kiatu kimoja dirishani, kalenda ambayo hakuna aliyekumbuka kuibandua. Vijana walipita wakinong'ona, wakiifurahia hofu yao. Mbele ya picha moja walijazana. Ilionyesha chumba cha udongo, kiti kimoja, na sakafuni doa jeusi lenye kung'aa, kana kwamba limemwagika asubuhi ile.

"Damu hiyo," alisema binti mmoja. "Si unaona bado mbichi? Na pale hapajakaliwa tangu mama yangu hajazaliwa."

Edelmira alinishika mkono hata kucha zikaniuma. "Jirani, hicho ni chumba chetu. Kile kiti aliunda baba."

Mpiga picha alisogea. "Hata mimi sijui ni nini, mama. Nilisukuma mlango nikakikuta hivyo. Nikapiga moja tu, nikatoka mbio."

"Ni maji."

"Maji, bibi?" Binti alicheka. "Kule si hakunyeshi?"

"Basi kuna mtu kayamwaga."

Santa Rosaura hakuna aliyefagia sakafu kavu. Vumbi lingekuziba pumzi. Ulinyunyiza maji kwanza, na kila nyumba ilikuwa na mtindo wake. Mama yake Edelmira alichora tarakimu ya nane kwa mkono usiopumzika, kisha akavuta mkia hadi mlangoni, ili ubaya ujue njia ya kutokea. Doa lile lilikuwa nane yenye mkia. Mama aliwafundisha wawili tu: Edelmira na kaka yake, Nazario. Naye Nazario alikuwa marehemu. Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari kwamba mgodi wa Oruro, ng'ambo ya mpaka, umemfukia na mwili haukupatikana. Tulimsimikia msalaba kando ya barabara ya jangwani, na kila Novemba, mwezi wa kuwakumbuka wafu, dada yake aliuvika maua ya karatasi.

Tangu hapo alitaka jambo moja tu: kujua ule ni mkono wa nani.

"Kama ni mzimu," aliniambia kesho yake, akipanda gari la mpwa wangu, "utanieleza kwa nini haufagii kwangu mjini."

Chumbani mwao tulikuta paa limechukuliwa na upepo, lakini sakafu ilikuwa safi kama ya nyumba inayongoja wageni. Mimi, niliyefundishwa na watawa kwamba mizimu haipo, nilibaki karibu na mlango. Edelmira aliketi kwenye kiti cha baba yake.

Kabla ya adhuhuri tulisikia nyayo. Nilipisha bila kufikiri. Mzee mmoja alisimama kizingitini, ufagio kwapani, mkononi kopo lililotobolewa matundu kwa msumari. Midomo ya Edelmira iligeuka rangi ya majivu.

"Nazario."

"Naam, dada."

"Wewe si ulikufa?"

"Msalaba nimeuona. Jina mmelikosea, mmeandika kwa S."

"Miaka yote hii nakuombea misa."

"Zimenisaidia. Hata mafua yananiogopa."

Edelmira hakucheka. "Kwa nini hukurudi nyumbani?"

Mzee aliligeuzageuza kopo. "Siku ya kuhama, nilipokataa kushuka nanyi pwani, uliniambia nini hapo mlangoni?"

Edelmira alimkodolea macho.

"Ulisema, 'Ukienda Oruro, kwangu umekufa.' Nikaenda. Mgodi ulipoporomoka nilitoka hai. Kifua kilipokataa kazi nikarudi huku, njiani nikaukuta msalaba. Nikasema, basi, dada alimaanisha."

Nilimtazama Edelmira nikajua kwamba hakuyakumbuka maneno yale hata kidogo. Kumwona maiti mlangoni alikuwa amekustahimili. Hili lilimshinda; aliinuka kwa kujishika ukutani. Kisha akauchomoa ufagio kwapani mwa kaka yake.

"Nyunyiza," alisema. "Na mkia usiufikishe mlangoni. Uishie humu ndani. Leo kuna mtu sitaki atoke."

Nazario alianza kuchora. Nane ilikwenda mshazari, lakini mkia aliukomesha ndani.