Kiti cha Mpimaji

Mpimaji wa maabara pale Wete ana kiti chake mbele ya hadubini, na hakikaliwi na mwengine, hata daktari. Kabla ya kuangalia hufuta kioo kwa kipande cha khanga kilichofuliwa mpaka kikalainika kama pamba, halafu hufumba jicho moja na kuhesabu kwa midomo, bila ya sauti. Mwatima wa Gando alimkuta hivyo siku daktari alipomtuma apeleke mkojo wa mwanawe, na ugomvi juu.

"Huu si ugonjwa, dada. Kwetu kijana akikojoa damu ndiyo anakuwa mwanamume."

Mpimaji hakubisha. Aliinuka, akamsogezea kile kiti. "Kaa, Bi Mwatima. Tazama mwenyewe."

Mwatima akainama. Mwanzo aliona ukungu mtupu, kisha yakaja mayai madogo madogo, kila moja na mwiba nchani.

"Subhanallah! Haya yamo ndani ya mwanangu?"

"Yamo. Ni mayai ya kichocho, na dawa ipo."

Wiki ya pili yake Mwatima alirudi kifua mbele, nyuma yake wanawake saba wa Gando, kila mmoja na kichupa cha mwanawe.

"Inuka, dada," alimwambia mpimaji. "Mie nimewaeleza, hawaniamini. Wape kiti."