Nguo Zilizoachwa Juu ya Mawe

Nakumbuka mchana mmoja hapa ziwani, upande wetu wa Homa Bay, miaka ile ya sitini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kiburi kilinifika shingoni. Mwanangu, umesema watoto unaowafundisha kuogelea wamekushinda na sasa unawachapa. Basi kaa nikuambie.

Mwalimu mkuu wetu alitaka watoto washindane na shule ya ng'ambo ya ghuba. Yeye mwenyewe maji aliyajua ya kunawa tu. Akanipa mimi watoto ishirini. Kusoma sikusoma sana, lakini kuogelea, wacha! Hata vijana wa kiume walinipisha.

Watoto walikuwa fujo tupu. Ukisema ogeleeni, wanazamishana, wanatoka kwenda kuiba omena, dagaa wetu wa ziwani, zilizoanikwa. Kiongozi wao alikuwa Akinyi, msichana wa miaka kumi. Nikimfokea ananijibu, "Dada, kwani ziwa ni lako?" Wenzake wanakufa kwa kicheko.

Sasa, kwetu mtoto akiingia majini huacha nguo juu ya jiwe. Ikibaki nguo, kuna mtoto majini, na mtu mzima yeyote anayepita ataanza kutafuta. Mimi siku hiyo nikazoa nguo zao zote za shule, nikazikalia. Nikachomeka kijiti majini: atakayekipita ni fimbo, na nyumbani atarudi na kaptura mbichi.

Wakatulia. Nikajiona serikali.

Tulipomaliza walinyakua nguo zao wakakimbia, hakuna aliyetaka kukaa karibu na mimi. Ikabaki gauni moja. Nyar Lambwe, yaani binti wa Lambwe, mama aliyeolewa kwetu kutoka bonde hilo, alikuwa akigeuza omena zake.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Akinyi. Ameikimbia fimbo."

"Umemwona akikimbia?"

Sikuwa nimemwona. Mwanangu, nguo iliyobaki ilikuwa na maana moja tu tangu zamani za bibi zangu. Mimi, kwa mchana mmoja wa ukali, nilikuwa nimeipa maana mbili.

Niliingia majini na gauni langu. Nilimkuta nyuma ya mafunjo, kupita kile kijiti, msuli wa mguu umekaza, amekumbatia mashina, midomo imekuwa kama majivu. Hatua arobaini kutoka nilipoketi!

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa nimepita kijiti. Ungenichapa."

Nyar Lambwe alimfunika kwa leso yake, kisha akanigeukia. "Mimi siwezi kuogelea hata kwenye beseni. Lakini msichana, mtoto akiona afadhali maji kuliko wewe, wewe unachunga nini?"

Kesho yake nguo zilirudi juu ya mawe. Fujo haikuisha, nisikudanganye, na mashindano tulishika nafasi ya pili kati ya shule mbili. Akinyi akaendelea kunijibu. Nilifurahi kusikia sauti yake.

Kwa hiyo weka amri, na mkaidi mkalishe nje mpaka achoke kutazama wenzake. Lakini fimbo itupe. Waambie waziwazi: aliyekosea akipata shida majini aite, ataokolewa kwanza, maneno baadaye. Na wakiita, usianze na maneno.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio marefu kuliko mkono wako, na watoto utakaowaingiza majini, akutolee wote.